John Wooden: mwalimu wa Kiingereza aliyeishi miaka 99 na kubeba makombe 10 (uzi mrefu, vuta kigoda)

Chaki na Filimbi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu ndani kila wiki tunabishana kuhusu makocha: nani ana makombe mengi, nani kabebwa na wachezaji. Leo namleta mzee mmoja ambaye kwa makombe hana mpinzani kwenye mpira wa kikapu wa wanaume wa vyuo vikuu vya Marekani, ingawa makombe ndiyo sehemu yake inayonivutia kidogo kuliko zote. John Wooden, kocha wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles). Kazaliwa tarehe 14 Oktoba 1910, kafariki tarehe 4 Juni 2010. Ilibaki miezi minne atimize karne.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kupinga aanze kunoa panga. Wooden alikuwa mwalimu wa darasani kwanza, uwanja ulikuja baadaye ukawa darasa lake la pili. Ukimsoma kama kocha tu, utabaki unahesabu makombe bila kujua yalipatikanaje. Na ukimtenga na mke wake Nell, utapata nusu ya mtu.

Naandika kwa vipande, msinikatize sana.

KIPANDE CHA KWANZA: SHAMBANI

Alikulia Indiana, shambani Centerton, kwenye nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Kikapu chake cha kwanza kilikuwa kapu la nyanya lililotobolewa kitako na kupigiliwa ukutani ghalani, na mpira mama yake aliushona kwa matambara yaliyosokomezwa ndani ya soksi kuukuu. Baba yake, Joshua, alikuwa mkulima wa maneno machache aliyewasomea wanawe Biblia na mashairi jioni kwa mwanga wa taa. Wooden aliishi karibu miaka mia, akakutana na marais na mabingwa, na mpaka mwisho mtu aliyemnukuu zaidi alikuwa huyo mkulima.

Kuna mambo sita ambayo mzee Joshua aliwakaririsha wanawe, matatu mara mbili: usidanganye, usihadae, usiibe, usilalame, usinung'unike, usitoe visingizio. Rahisi kuyasema. Katikati ya miaka ya 1920 familia ilipoteza shamba: nguruwe walikufa baada ya kupewa chanjo mbovu, na deni la benki lilikuwa bado lipo. Watoto walimtazama baba yao wakisubiri alaani mtu. Hakulaani mtu yeyote. Wakahamia mji wa Martinsville, akatafuta kazi ya kuajiriwa. Mimi huamini yale matatu ya pili yaliwaingia siku hiyo, maana waliyaona yakifanyika.

John alipomaliza darasa la nane baba alimpa noti ya dola mbili na karatasi yenye mambo saba ya kushika: kuwa mkweli kwa nafsi yako, kuifanya kila siku kuwa kazi yako bora, kusaidia wengine, kunywa sana kutoka vitabu vizuri na hasa Biblia, na mengine ya namna hiyo. Karatasi ile aliitunza.

Martinsville walikuwa vichaa wa kikapu. Ukumbi wao wa michezo ulikuwa na viti vingi kuliko wakazi wa mji. Shule yake ilifika fainali ya jimbo miaka mitatu mfululizo, 1926 hadi 1928, ikabeba kombe 1927 na kupoteza hizo nyingine mbili. Ile ya 1928 walifungwa 13 kwa 12. Ndiyo, mechi nzima. Kikapu cha zamani kilikuwa hivyo.

---

Kigoda cha Mbele

Nimefika. Shusha mkuu, leo hatulali.

---

Mgeni wa Jukwaa

13 kwa 12?? Siku hizi hiyo ni robo ya kwanza na watu wanazomea.

---

Chaki na Filimbi

KIPANDE CHA PILI: NELL

Bendi ya shule ilikuwa na binti mpiga tarumbeta aitwaye Nellie Riley. John alikuwa mwenye haya kupita kiasi. Wakajenga desturi yao: kabla mechi haijaanza, kijana anageuka kumtafuta jukwaani, wanapeana ishara, ndipo anaingia uwanjani. Waliendelea na ishara hiyo kwa miongo, hadi enzi za UCLA ambapo maelfu ya watu walikuwa wakitazama na wachache tu ndio waliojua mzee anafanya nini na ile programu ya mechi aliyoikunja mkononi.

Chuo alisoma Purdue. Alianza na nia ya kuwa mhandisi wa ujenzi, lakini masomo hayo yalidai kambi za kiangazi, na kiangazi yeye ndio alikuwa anatafuta pesa ya kuishi. Akahamia Kiingereza. Hivi hivi tu, kwa ajili ya ratiba, Marekani ikapoteza mhandisi. Uwanjani alichaguliwa kwenye orodha ya wachezaji bora wa vyuo nchi nzima miaka mitatu mfululizo, 1930 hadi 1932, akapewa jina la utani la mtu wa mpira wa Indiana kwa jinsi alivyoanguka sakafuni na kudunda juu tena.

Akiba yake ya harusi ilikuwa dola 909 na senti 5. Siku chache kabla ya ndoa benki ikafilisika, mwaka 1932 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi mnajua hali ilivyokuwa. Ikabidi akope. Wakaoana Indianapolis tarehe 8 Agosti 1932, jioni wakaenda kusikiliza kundi la waimbaji Mills Brothers, na maisha yakaanza wakiwa hawana kitu.

KIPANDE CHA TATU: DARASANI

Kazi ya kwanza: shule ya sekondari Dayton, jimbo la Kentucky. Msimu wa kwanza alishinda mechi 6 akapoteza 11. Huo ndio msimu pekee katika maisha yake yote ya ukocha ambao alipoteza nyingi kuliko alizoshinda. Mwaka 1934 akahamia South Bend, Indiana, akafundisha Kiingereza na kusimamia timu. Wikiendi alicheza kikapu cha kulipwa, ambako aliwahi kuingiza mitupo huru 134 mfululizo bila kukosa hata mmoja.

Hapa South Bend ndipo kitu kikubwa kilipozaliwa, na hakikuzaliwa uwanjani. Wazazi walimkera. Mtoto wa jirani akipata alama ya C, wazazi wanaona sawa, wote hatuwezi kuwa wa kwanza. Mtoto wao akipata C hiyo hiyo, ama mtoto kashindwa au mwalimu kashindwa. Wooden akaona neno mafanikio linatumika vibaya, akakaa chini akalitafutia maana yake mwenyewe: ni utulivu wa moyo unaotokana na kujua kwamba umejitahidi kuwa bora kwa kadiri ya uwezo wako. Hakuna mpinzani ndani ya maana hiyo, hakuna ubao wa matokeo. Halafu akaanza kuchora piramidi ya kuonyesha mtu anafikaje huko, matofali 15, bidii na shauku zikiwa kwenye pembe mbili za msingi. Aliibadilisha badilisha kuanzia 1934 mpaka 1948. Miaka 14 kwenye mchoro mmoja.

Nitasema ukweli, ile piramidi yenyewe hainisisimui. Imechapwa kwenye mabango ya maofisi hadi imechakaa. Kinachonisisimua ni kwamba ilianza kama jibu la mwalimu kwa wazazi wasumbufu.

---

Bi Mkubwa

Mwalimu mwenzenu niko hapa. Hao wazazi wa C nawajua mmoja mmoja. Endelea, baba.

---

Refa Mstaafu

Tunasubiri ufike UCLA. Kuna jina moja la mfanyabiashara nataka nione kama utalitaja au utaruka.

---

Chaki na Filimbi

Refa, tulia. Nitalitaja.

KIPANDE CHA NNE: VITA, CLARENCE WALKER, NA THELUJI

Vita Kuu ya Pili aliingia jeshi la majini. Alipangiwa meli ya kivita Franklin, kidole tumbo kikapasuka, akaenda mwingine badala yake, rafiki aliyesoma naye Purdue. Rafiki huyo aliuawa ndege ya Kijapani ilipojibamiza kwenye meli.

Mwaka 1946 akachukua chuo cha ualimu cha jimbo la Indiana kule Terre Haute. Msimu wa kwanza timu ikaalikwa kwenye mashindano ya taifa ya vyuo vidogo, Kansas City. Sharti: wachezaji weusi hawaruhusiwi. Wooden alikuwa na mmoja, Clarence Walker, mchezaji wa akiba. Wengi wangemwacha kijana nyumbani kwa kisingizio kwamba hachezi dakika nyingi. Wooden akaukataa mwaliko wote. Mwaka 1948 sharti likaondolewa, timu ikaenda na Walker, naye akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza kwenye mashindano hayo. Walifika fainali wakafungwa.

Mwaka huo huo vyuo viwili vilimtaka: Minnesota na UCLA. Yeye na Nell walitaka Minnesota, karibu na kwao. Minnesota walikuwa wapige simu saa fulani, UCLA saa moja baadaye. Dhoruba ya theluji ikakata laini za simu. UCLA wakapiga kwa wakati, akadhani Minnesota wamempuuza, akakubali. Muda si mrefu Minnesota wakapata laini, wanampa kazi. Akawajibu keshatoa neno lake. Wakuu, historia nzima ya kikapu cha vyuo imelala kwenye waya wa simu ulioanguka.

Baada ya misimu miwili Purdue walimwita arudi nyumbani. Alitaka kwenda. UCLA wakamkumbusha kwamba ni yeye aliyedai mkataba wa miaka mitatu. Akabaki.

KIPANDE CHA TANO: MISIMU 15 BILA KOMBE

Kipande hiki nakipenda kuliko vyote, na ndicho ambacho watu hukiruka.

UCLA walimpa ukumbi wa zamani ghorofa ya tatu, hewa nzito hadi wanafunzi waliubatiza kwa jina la harufu ya jasho. Mwisho mmoja wana sarakasi wanaruka, mwisho mwingine wana mieleka wanaangushana, katikati yeye anafundisha kikapu. Kabla ya mazoezi alishika ufagio akapiga deki mwenyewe. Miaka ya mwanzo mshahara haukutosha, aliamka alfajiri kwenda kupanga safari za malori kwenye kampuni ya maziwa.

Alishinda mechi nyingi, ila kombe la taifa hakuligusa. Mwaka 1962 alifika nusu fainali, akafungwa na Cincinnati kwa pointi mbili. Kombe la kwanza lilikuja 1964, msimu wake wa 16. Hesabu upya: misimu 15 kamili pale UCLA bila kombe la taifa. Akiwa na umri wa miaka 53. Niambieni klabu gani leo ingemvumilia.

Na timu ile ya 1964 haikuwa na mrefu hata mmoja wa kutisha. Msaidizi wake, Jerry Norman, ndiye aliyemshawishi wakabe uwanja mzima kuanzia mpinzani anaporusha mpira wa kwanza. Wakacheza mechi 30, wakashinda 30. Mzee apewe sifa kwa hilo pia: alikubali kushawishiwa na kijana.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. 1964, 1965, halafu saba mfululizo kuanzia 1967 hadi 1973, halafu 1975. Makombe 10 ndani ya miaka 12. Misimu minne bila kupoteza mechi. Ushindi 88 mfululizo kati ya 1971 na 1974.

KIPANDE CHA SITA: SOKSI

Siku ya kwanza ya mazoezi kila mwaka, wachezaji bora wa nchi nzima wanaketi, wanasubiri siri ya ushindi. Mzee anavua viatu. Anaanza kuwafundisha kuvaa soksi. Unaivuta taratibu, unapitisha kidole kwenye kisigino na kwenye vidole vya mguu kuhakikisha hakuna mkunjo. Kiatu unakifungua wazi, kamba unakaza tundu kwa tundu, unafunga fundo mara mbili. Sababu? Mkunjo unaleta lengelenge, lengelenge linakutoa mazoezini, kukosa mazoezi kunakutoa kwenye mechi. Hakuna falsafa hapo, ni mnyororo wa sababu na matokeo, kama mwalimu anavyofundisha alama za uandishi kabla ya insha.

Kila asubuhi alikaa na wasaidizi kwa muda wa takriban saa mbili kupanga mazoezi ambayo yenyewe yalichukua muda wa saa mbili hivi. Kila dakika iliandikwa kwenye kadi ndogo: saa ngapi zoezi gani, mipira mingapi, nani na nani. Kadi alizihifadhi. Akitaka kujua mwaka juzi tarehe kama hii timu ilikuwa imefika wapi, anafungua sanduku. Ni maandalio ya somo yale, walimu mnayajua.

Msimu wa 1974–75 wanasaikolojia wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa ukumbini wakiandika kila alichofanya. Walirekodi vitendo 2,326 vya ufundishaji. Walitarajia hotuba za kuchemsha damu. Walichokuta: sifa ni karibu asilimia 7, kukemea karibu asilimia 7 vilevile, na sehemu kubwa sana iliyobaki ni maelekezo mafupi mafupi. Fanya hivi. Sio hivyo. Hivi. Mara nyingi alionyesha kwa mwili wake njia sahihi, akaigiza kosa la mchezaji, akarudia njia sahihi, yote ndani ya sekunde chache. Sifa kidogo, matusi hakuna, taarifa tele.

---

Mgeni wa Jukwaa

Hiyo ya sahihi, kosa, sahihi naiiba kesho. Nafundisha watoto kuogelea, mimi siku zote naonyesha kosa tu halafu nawaacha nalo.

---

Refa Mstaafu

Mleta uzi umepaka rangi vizuri, sasa niruhusu nikwangue kidogo.

Moja. Huyu mtakatifu wako alikuwa akiwasumbua marefa na hata wachezaji wa wapinzani kutoka benchi, ile programu aliyoikunja ilikuwa kipaza sauti chake. Sauti haikuwa ya matusi, ila ilichoma. Nimesimama katikati ya makocha wa aina hiyo, ni afadhali anayetukana, unampa adhabu mnamaliza.

Mbili. Sam Gilbert. Tajiri wa ujenzi pale Los Angeles, rafiki wa wachezaji wa UCLA, aliyewapa misaada iliyokatazwa na kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Mwaka 1981 chuo kikaadhibiwa na kuamriwa kiachane naye. Wooden alikuwa ameshastaafu, sawa, lakini Gilbert alikuwa pale sehemu kubwa ya enzi zake nzuri. Mtu anayekagua mkunjo wa soksi hakuona hilo?

Tatu. Mpe mtu yeyote Lew Alcindor, ambaye sasa ni Kareem Abdul-Jabbar, halafu mpe Bill Walton, wale nyota wake wawili wa UCLA, tuone kama hatabeba.

---

Kigoda cha Mbele

Refa kaingia na kadi zote mfukoni 😂

---

Chaki na Filimbi

Nakujibu kwa kurudi nyuma, ya tatu kwanza.

Alcindor alimpa makombe matatu, 1967 hadi 1969. Walton mawili, 1972 na 1973. Jumla matano. Mengine matano, yaani 1964, 1965, 1970, 1971 na 1975, hawakuwepo wote wawili. Nusu kwa nusu. Na kuhusu Alcindor, enzi hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa. Novemba 1965 timu ya mwaka wa kwanza ikiwa naye iliichapa timu kubwa ya UCLA 75 kwa 60, na hiyo timu kubwa ndiyo ilikuwa bingwa mtetezi. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo, sibishi. Kocha mwenye kipaji cha namna hiyo mkononi ana kazi ya kutokiharibu, na wengi wanakiharibu.

Ya pili. Hapo sina utetezi mzuri, na sitautafuta. Wooden hajawahi kuthibitishwa kuhusika, na mwenyewe baadaye alikiri kwamba huenda alitazama mbele tu bila kugeuza macho pembeni. Kwa mtu wa kadi na maandalio, kutogeuza macho nako ni uamuzi. Nauweka kwenye hesabu yake.

Nakuongezea la nne ambalo umelisahau. Mwaka 1970, kwenye karamu ya kuwaaga wahitimu, mchezaji mmoja wa akiba alisimama akasema mbele ya wazazi na wafadhili kwamba nyota wana sheria zao na wa akiba wana zao, na kwamba kocha hazungumzi nao. Ukumbi ukachafuka. Wooden aliumia, na wengi wa waliokuwepo walimwona kijana kakosa adabu. Mimi naona alikuwa na hoja. Mwalimu akiwa na darasa la vipaji, wa nyuma ndio wanaojua ukweli wake.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni Swen Nater. Alikaa nyuma ya Walton, hakuanza mechi hata moja pale UCLA, akachaguliwa raundi ya kwanza kwenda kucheza kulipwa. Alipiga shule kwenye mazoezi, dhidi ya mchezaji bora wa nchi, kila siku. Na huyo hakuwa na kinyongo hata kidogo, alibaki rafiki wa mzee hadi mwisho.

Walton mwenyewe, siku moja kabla ya msimu alikuja na ndevu, kinyume na sheria za timu. Akasema ni haki yake. Mzee akamwuliza kama anaamini hivyo kwa dhati. Ndiyo, kwa dhati. Mzee akamwambia anawaheshimu watu wenye msimamo, na kwamba timu itamkosa sana. Kijana alipanda baiskeli mbio kwenda kunyoa.

---

Bi Mkubwa

Mmerudi kwenye mpira. Kichwa cha uzi kinasema aliishi miaka 99, na kocha huyu alistaafu lini? Hiyo miaka mingine ilikwenda wapi? Na watoto je? Maana nawajua walimu wanaolea watoto wa watu, wa kwao wanalelewa na redio.

---

Chaki na Filimbi

Shikamoo mama, nilikuwa nakuja huko.

KIPANDE CHA SABA: NYUMBANI

Alistaafu 1975. Ilikuwa nusu fainali dhidi ya Louisville, iliyofundishwa na msaidizi wake wa zamani Denny Crum. Wakashinda kwa pointi moja muda wa nyongeza. Akiwa njiani kwenda kuongea na waandishi akajisikia hataki. Hakutaka tu. Akageuka, akawaambia wachezaji kwamba mechi ijayo ni ya mwisho. Siku mbili baadaye, 31 Machi, wakaifunga Kentucky 92 kwa 85. Mshahara wake haukuwahi kuzidi dola 35,000 kwa mwaka.

Watoto wawili, Nancy na James. Safari za kusaka wachezaji zilizomtoa nyumbani hakuzipenda, kazi kubwa ya kusafiri waliifanya wasaidizi. Simwiti baba asiye na kasoro, msimu wa kikapu ni msimu wa kikapu, na moyo ulimsumbua mwishoni mwa 1972 hadi akalazwa. Lakini wanawe na wajukuu walibaki karibu naye maisha yote, wajukuu saba na vitukuu 13, na hilo huwezi kulilazimisha.

Nell alifariki tarehe 21 Machi 1985, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 52. Mzee alianguka. Watoto walimlinda kwa zamu, wakiogopa atamfuata. Kilichomnyanyua ni mtoto: mwaka huo huo alizaliwa kitukuu wake wa kwanza, na babu akapata sababu ya kutoka nje.

Kila tarehe 21 ya mwezi alimwandikia Nell barua ya mapenzi. Akaziweka kwenye mto wake, fungu limefungwa utepe wa manjano. Kitandani upande ule hakuugusa, alilala juu ya mashuka. Aliendelea kuandika mpaka macho yalipomkataa. Kijana aliyesomea fasihi ya Kiingereza, mama, fikiria jinsi alivyokuwa akichagua maneno.

Kwa miaka yote 35 baada ya kustaafu aliishi kwenye nyumba ndogo ya ghorofa huko Encino, vitabu hadi kwenye korido, Lincoln na Mama Teresa ukutani, akila staftahi kwenye mgahawa wa jirani na kupokea simu za yeyote aliyepiga. Wachezaji wazee wenye mvi waliendelea kuja. Kareem aliandika kitabu kizima 2017 kuhusu urafiki wao wa karibu nusu karne. Mwaka 2003 alipewa Nishani ya Rais ya Uhuru. Mwaka huo huo UCLA walitaka kuuita uwanja kwa jina lake, akasema sawa, ila jina la mke litangulie. Ndiyo maana unaitwa Uwanja wa Nell na John Wooden.

---

Bi Mkubwa

Marahaba. Hilo la jina la mke kutangulia ndilo nililolifuata. Nimeridhika, nyie endeleeni na ndevu zenu.

---

Refa Mstaafu

Sawa, nimekusikia kuhusu Gilbert, umejibu kiungwana. Nina moja la mwisho, la kiufundi. Tarehe 19 Januari 1974, dhidi ya chuo cha Notre Dame. UCLA wana ushindi 88 mfululizo, wanaongoza kwa pointi 11 zikiwa zimebaki dakika tatu na nusu. Notre Dame wanafunga pointi 12 mfululizo, mechi inaisha 71 kwa 70. Kocha mkubwa hivyo, kwa nini hakuvunja kasi yao? Kocha wa kawaida angesimamisha mchezo mara mbili.

---

Chaki na Filimbi

Hapo ndipo hoja yangu inasimama, refa. Wooden kusimamisha mchezo hakukupenda kabisa, aliona kama kukiri kwamba hajafundisha. Kwake kazi ya kocha iliisha mazoezini, mechi ilikuwa mtihani, na mwalimu haingii chumba cha mtihani kunong'ona majibu. Mara nyingi ilimlipa, kwa sababu wachezaji walijua hakuna wa kuwaokoa. Siku hiyo ilimgharimu ule mfululizo wa ushindi.

---

Refa Mstaafu

Basi darasa zima lilifeli kwa dakika tatu na nusu.

---

Chaki na Filimbi

Kwa pointi moja. Na wiki iliyofuata walirudiana na Notre Dame hao hao nyumbani UCLA, wakashinda 94 kwa 75.